« Knowingly »: neno moja la Kiingereza lililoamua miaka miwili ya jela

Mwaka 2006, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma nchini Marekani alimkabidhi mwajiri wake karatasi mpya za utambulisho. Ignacio Carlos Flores-Figueroa, raia wa Mexico, alikuwa amepata kazi mwaka 2000 kwa jina la uongo, tarehe ya kuzaliwa ya uongo na namba ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Miaka sita baadaye aliamua kurudia jina lake la kweli. Akaleta kadi nyingine, nazo pia za bandia. Lakini safari hii namba zilizoandikwa juu yake zilikuwa za watu halisi, watu wengine kabisa.

Mwajiri alitoa habari kwa idara ya uhamiaji. Mfanyakazi akashtakiwa kwa kuingia nchini bila kupita mbele ya maafisa wa mpaka na kwa kutumia hati za bandia. Juu ya hayo, waendesha mashtaka wakaongeza kosa jingine: wizi wa utambulisho wa mtu mwingine. Kosa hilo lina adhabu ya miaka miwili gerezani. Jaji hawezi kuipunguza, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya adhabu ya makosa mengine kwisha.

Hakukuwa na ubishi kwamba kadi zilikuwa za bandia. Ubishi ulikuwa juu ya jambo moja: je, serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba Flores-Figueroa alijua namba zile ni za watu wengine? Au ilitosha kuonyesha kwamba alijua anatumia namba isiyo yake, hata kama alidhani ni tarakimu zilizobuniwa tu?

Jibu lilitegemea neno moja katika sheria, kielezi ambacho Mmarekani yeyote hukitumia bila kufikiri: « knowingly ». Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo, huko Washington.

Neno rahisi, maana mbili

Kwa mtu aliyesoma Kiingereza kidogo, neno hili halina fumbo. Mzizi wake ni « know », yaani kujua. Mkia wa « -ly » ndio unaoligeuza kuwa kielezi, neno linaloeleza jinsi tendo linavyofanyika. Kwa Kifaransa husemwa « sciemment ». Kwa Kiswahili tunasema kwa kujua, au huku akijua.

Katika mazungumzo ya kila siku, neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni kufanya jambo ukiwa na habari zake. Ya pili inahusu uso: mtu anaweza kutabasamu « knowingly », yaani kwa namna ya mtu anayeshiriki siri na mwenzake. Maana hii ya pili haiwasumbui majaji. Ya kwanza ndiyo imewasumbua kwa miaka mingi, kwa sababu ya swali ambalo kamusi hailijibu: kujua nini?

Mfano wa soko la Goma au Bukavu unatosha kuonyesha shida. Tuseme imeandikwa kwamba ataadhibiwa mtu ambaye « kwa kujua ananunua simu ya wizi ». Kijana amenunua simu barabarani kwa bei ya kawaida, baadaye mwenyewe akajitokeza. Alijua ananunua? Ndiyo. Alijua anachonunua ni simu? Ndiyo. Alijua ni ya wizi? Hapo ndipo penye kesi. Ukisema kwamba « kwa kujua » inagusa kununua peke yake, kijana ana hatia. Ukisema inafika mpaka kwenye neno la mwisho, lazima mtu athibitishe kilichokuwa kichwani mwake siku ile.

Sheria ya Marekani juu ya wizi wa utambulisho, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi wa saba 2004, ilikuwa na muundo uleule. Inamwadhibu mtu ambaye, akiwa anatenda makosa fulani yaliyoorodheshwa, « knowingly » anahamisha, anamiliki au anatumia, bila ruhusa ya sheria, utambulisho wa mtu mwingine. Kielezi kimewekwa mwanzoni. « Mtu mwingine » imewekwa mwishoni. Katikati kuna vitenzi vitatu na maneno mengine kadhaa.

Tarakimu tisa

Namba iliyozusha yote haya inaitwa namba ya Social Security. Ina tarakimu tisa. Ilianza na mpango wa mafao ya uzeeni uliowekwa na sheria ya mwaka 1935, ili serikali iweze kufuatilia mishahara ya kila mfanyakazi. Leo imekuwa ufunguo wa mambo mengi: kazi, kodi, akaunti ya benki, mkopo wa nyumba.

Familia nyingi za Kivu zinaifahamu kwa jina. Wakongomani waliotoka katika kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda au Kakuma nchini Kenya na kupelekwa Marekani kama wakimbizi hupewa namba hiyo kihalali, nayo huwa kati ya karatasi za kwanza wanazozitafuta wakifika. Bila namba hiyo, mwajiri hawezi kulipa mshahara kwa njia ya kawaida.

Kwa asiye na kibali, mlango ni mwingine: soko la hati za bandia. Muuzaji huchapisha kadi na kuweka tarakimu tisa. Kwa kuwa mamia ya mamilioni ya namba zimekwisha kutolewa, tarakimu zilizobuniwa zinaweza kuangukia namba ya mtu. Mara nyingine muuzaji anazichukua makusudi kwenye namba za kweli. Mnunuzi mara nyingi hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Nchi moja, sheria moja, hukumu mbili

Kabla ya mwaka 2009, mahakama za rufaa za Marekani ziligawanyika katikati. Tatu zilisema kielezi kinagusa vitenzi tu: ukijua kwamba unatumia kitambulisho kisicho halali, inatosha. Tatu nyingine zilisema hapana, lazima mshtakiwa awe alijua kwamba nyuma ya namba ile kuna mtu.

Hivyo watu wawili waliofanya jambo lilelile, wakiwa na kadi kutoka kwa muuzaji yuleyule, waliweza kupata adhabu mbili tofauti kwa sababu tu mmoja alikamatwa katika eneo la mahakama hii na mwenzake katika eneo la mahakama ile. Iowa, ambako kesi ya Flores-Figueroa ilianzia, ilikuwa upande wa ukali. Alipatikana na hatia, akakata rufaa, akashindwa tena.

Wakati kesi yake ikiendelea, jambo kubwa zaidi lilitokea katika jimbo lilelile.

Postville, tarehe 12 Mei 2008

Postville ni mji mdogo wa Iowa wenye watu elfu chache. Asubuhi ya tarehe 12 Mei 2008, maafisa wa uhamiaji walizingira kiwanda cha nyama cha Agriprocessors. Wakawakamata watu 389, wengi wao raia wa Guatemala. Ilikuwa kati ya operesheni kubwa kabisa za aina hiyo katika historia ya nchi.

Waliokamatwa walipelekwa Waterloo, katika viwanja vinavyotumika kwa maonyesho ya ng'ombe. Ukumbi wa kuchezea dansi uligeuzwa kuwa mahakama. Waliingizwa kwa makundi ya watu kumi, wakiwa na minyororo mikononi na miguuni. Wakalimani waliletwa kutoka mbali ili wawasaidie kwa Kihispania, lugha ambayo kwa baadhi ya watu hao wa asili ya Maya haikuwa lugha ya mama.

Hapo ndipo « knowingly » ilipofanya kazi bila hata kufika mbele ya jaji. Waendesha mashtaka waliweka mezani mapatano. Mshtakiwa akikubali kosa dogo la kutumia hati au namba ya uongo, atafungwa miezi mitano na kurudishwa kwao. Akikataa, atakabili kosa la wizi wa utambulisho na miaka yake miwili isiyopungua. Walipewa siku saba kuamua.

Kwa watu waliokuwa na wake, waume na watoto wanaotegemea mshahara wao, hesabu haikuwa ngumu. Karibu 300 walikubali kosa na kuhukumiwa ndani ya siku chache, wengi wao kwa miezi mitano.

Mmoja wa wakalimani, Erik Camayd-Freixas, profesa wa chuo kikuu huko Florida, alivunja desturi ya ukimya wa kazi yake. Aliandika juu ya aliyoyaona, na mwezi wa saba mwaka huohuo akatoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani. Alieleza kwamba wengi wa watu aliowatafsiria hawakujua hata namba ya Social Security ni kitu gani, wala inatumika kwa kazi gani. Walipewa karatasi, wakaambiwa waziwasilishe kiwandani, wakaziwasilisha.

Swali alilolileta bungeni ni lile lile lililokuwa njiani kuelekea Mahakama Kuu. Mtu asiyejua namba ni nini, anaiba vipi « kwa kujua » namba ya mtu mwingine?

Mkate wenye jibini

Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya Flores-Figueroa tarehe 25 Februari 2009. Siku hiyo Jaji Mkuu John Roberts aliigusa shida moja kwa moja: kwa hoja ya serikali, mtu angeongezewa miaka miwili kwa sababu tu tarakimu alizozitoa hewani ziliangukia kuwa za mtu fulani. Mwenzake ambaye tarakimu zake hazikumwangukia mtu angeponea hapo. Wote wawili walikuwa na wazo moja kichwani.

Hukumu ilitoka tarehe 4 Mei 2009. Majaji wote tisa walikubaliana: serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua utambulisho ule ni wa mtu mwingine.

Jaji Stephen Breyer, aliyeiandika hukumu, hakuanza na falsafa. Alianza na namna watu wanavyozungumza. Tukisema kwamba fulani alikula kwa kujua mkate wenye jibini, alieleza, msikilizaji huelewa kwamba mtu huyo alijua anakula mkate na alijua pia una jibini. Hakuna anayeelewa kwamba jibini ilikuwa ajali. Na sheria, kwa maoni ya mahakama, isomwe kama binadamu anavyosema.

Si wote waliofika hapo kwa furaha moja. Jaji Antonin Scalia, akiungwa mkono na Jaji Clarence Thomas, alikubali matokeo lakini hakutaka maneno ya hukumu yaende mbali kuliko kesi yenyewe. Jaji Samuel Alito naye alikubali, ila akaonya: msifanye kanuni ya kufungwa kwa kufuli. Alitoa mfano wa sheria inayomwadhibu mtu anayemsafirisha « kwa kujua » mtoto wa chini ya miaka 18 kwa ajili ya uasherati. Mahakama za rufaa zimeshikilia kwamba mtu huyo hawezi kujitetea kwa kusema hakujua umri wa mtoto. Katika mfano huo kielezi kinasimama njiani, hakifiki mwisho wa sentensi, na watu wengi wataona ni haki kisifike.

Ndiyo maana ubishi haukuwa wa sarufi peke yake. Mwaka 1994, katika kesi nyingine juu ya picha chafu za watoto, Mahakama Kuu ilikuwa imekiri kwamba usomaji wa kawaida wa sarufi ungekifunga kielezi hicho kwenye vitenzi vilivyokifuata. Lakini wengi wa majaji wakakivusha mpaka kwenye umri wa mtoto, wakiogopa kwamba vinginevyo hata msafirishaji wa mizigo asiyejua kilichomo ndani ya boksi angefungwa. Scalia alipinga, akisema sarufi hairuhusu kuruka hivyo. Miaka kumi na mitano baadaye neno lilelile likarudi mbele ya mahakama ileile.

Na mwenye namba je?

Upande wa serikali haukuwa na hoja tupu. Mtu ambaye namba yake imetumiwa na mwingine anaweza kupata barua ya kodi kwa mshahara ambao hakuupata. Anaweza kunyimwa mkopo. Anaweza kuhangaika miaka akisafisha jina lake. Kwake yeye, iwe mwizi alijua au hakujua, hasara ni ileile. Serikali iliongeza kwamba kuthibitisha kilicho kichwani mwa mtu ni kazi ngumu, na sheria ilitungwa ili kuwalinda waathirika.

Mahakama ilijibu kwamba katika wizi wa kweli wa utambulisho, ushahidi wa kujua hauko mbali. Mtu anayepekua takataka za jirani akitafuta karatasi za benki, au anayejifanya mtu fulani ili achote kwenye akaunti yake, anajua vizuri anamwibia nani. Kazi inakuwa ngumu pale ambapo mshtakiwa hakumlenga mtu yeyote, na pale hasa ndipo miaka miwili ya ziada ilipohitaji kufikiriwa upya.

Flores-Figueroa hakutoka kama mtu asiye na kosa. Kadi za bandia zilibaki kuwa kosa, na kuingia nchini kinyume cha sheria kulibaki kuwa kosa. Kilichoondoka ni hukumu ya wizi wa utambulisho.

Kwa watu wa Postville, hukumu hiyo ilichelewa. Ilitoka siku nane kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu msako ule. Waliokubali miezi mitano walikuwa wamekwisha kuimaliza. Walikuwa wametishwa kwa kosa ambalo, kwa usomaji wa majaji wote tisa, wengi wao wasingeweza kupatikana nalo.

Mwanafunzi, daktari, mwuza sandwichi

Neno halikutulia hapo. Kabla yake, mwaka 1985, lilikuwa limemwokoa mmiliki mwenza wa duka la sandwichi jijini Chicago, Frank Liparota, aliyeshtakiwa kwa kununua kuponi za chakula za serikali kwa njia isiyoruhusiwa. Mahakama ilitaka ithibitishwe kwamba alijua njia hiyo haikuruhusiwa.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya Hamid Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu aliyekuja Florida kwa viza ya masomo. Alifukuzwa chuoni kwa sababu ya alama mbaya, na viza yake ikafuata njia hiyohiyo. Baadaye alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha na kufyatua bunduki. Kwa mtu asiye na haki ya kuwa nchini, kushika silaha ni kosa. Jaji wa kwanza aliwaambia wazee wa baraza kwamba haikuwa lazima Rehaif ajue kuwa amekwisha kupoteza haki ya kukaa. Mahakama Kuu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikasema ilikuwa lazima. Jaji Alito, mmoja wa wale wawili, alionya kwamba uamuzi huo ungefungua kesi nyingi zilizokwisha kufungwa.

Mwezi wa sita 2022, siku chache kabla ya kustaafu, Breyer aliandika hukumu nyingine ya aina hiyo, ya madaktari walioshtakiwa kwa kuandikia wagonjwa dawa kali za maumivu kupita kiasi. Haitoshi, mahakama ilisema, kuonyesha kwamba daktari alivuka mipaka ya kazi yake. Ithibitishwe kwamba alijua anaivuka, au alikusudia kuivuka.

Katika kesi hizi zote, majaji hawakumfungulia mlango mtu anayefumba macho makusudi. Mwaka 2011, katika ubishi wa kibiashara juu ya jiko la kukaangia, mahakama ilieleza kwamba mtu anayeamini kuna uwezekano mkubwa wa jambo fulani kuwa kweli, kisha akafanya juhudi ili asilithibitishe, anahesabiwa kuwa amejua. Yule kijana wa simu, akiuziwa simu ya dola mia tatu kwa dola ishirini, usiku, na muuzaji akimkataza kuuliza, hatajitetea kirahisi kwa kusema hakujua.

Kujua si kukusudia

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, hadithi hii ya Iowa inaweza kuonekana mbali. Lakini swali lake linaulizwa hapa kila siku, na mara nyingi linaulizwa kupitia lugha mbili.

Kipengele cha 62 cha Katiba ya Kongo kinasema hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Wengi hukisikia kama kusema kwamba « sikujua » haina maana yoyote mahakamani. Si hivyo. Kutojua sheria ni jambo moja, kutojua ukweli wa kitu ulichokishika mkononi ni jambo jingine. Mtu hawezi kusema hakujua kwamba kutumia hati ya uongo ni kosa. Lakini anaweza kusema hakujua kwamba hati aliyopewa ni ya uongo, na hapo mwendesha mashtaka ana kazi ya kufanya. Kanuni ya adhabu ya Kongo yenyewe, katika kifungu cha 124 cha kitabu cha pili, inaadhibu uongo katika maandishi ukifanywa kwa nia ya udanganyifu au kwa kusudi la kudhuru. Karatasi ya uongo peke yake haitoshi.

Kisha kuna mkalimani. Kipengele cha 18 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na mashtaka dhidi yake, katika lugha anayoielewa. Sheria zimeandikwa kwa Kifaransa, mshtakiwa anajibu kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijijini kwake. « Sciemment » inafika masikioni mwake kama nini?

Mara nyingi inafika kama « kwa makusudi ». Hapo kuna hatari. Kujua na kukusudia si kitu kimoja. Dereva wa pikipiki anaweza kujua kwamba mzigo aliobeba ni wa magendo bila kuwa na kusudi lolote nao, anachotaka ni nauli yake tu. Mwingine anaweza kukusudia kufikisha mzigo bila kujua kilichomo. Akiulizwa « ulifanya makusudi? », wa pili atajibu « ndiyo », kwa maana ya kwamba hakuna aliyemlazimisha. Neno hilo moja likiingia katika karatasi ya mahojiano, limekwisha kuwa ungamo.

Kiswahili kina dawa yake mwenyewe kwa ugonjwa uliowatesa majaji wa Washington. Kielezi « kwa kujua » kinaelea kama kile cha Kiingereza, hakisemi kinafika wapi. Lakini sentensi ikijengwa kwa kitenzi, shaka inakwisha. « Alitumia kwa kujua namba ya mtu mwingine » inaweza kubishaniwa miaka mitano. « Alitumia namba huku akijua kwamba ni ya mtu mwingine » haibishaniwi. Mkalimani anayeuliza « ulijua kwamba hii namba ni ya mtu? » amefanya kazi ambayo bunge zima la Marekani halikuifanya mwaka 2004.

Jambo hili linawahusu pia jamaa walio ng'ambo. Mkongomani anayejaza fomu za serikali ya Marekani hutia saini chini ya kiapo kwamba aliyoyaandika ni kweli kadiri anavyojua. Mara nyingi aliyejaza ni mwingine: mtoto anayesoma Kiingereza, jirani, mtu wa kanisani. Saini inabaki kuwa ya mwenye fomu. Tarehe ya kuzaliwa iliyokisiwa kambini, jina lililogeuzwa kati ya karani na karani, mtoto wa ndugu aliyeandikwa kama mtoto wa kuzaa: kila kimoja kinaweza siku moja kuulizwa kwa neno lilelile. Dawa yake ni kumwomba msomaji asome kila swali kwa lugha ya nyumbani, moja baada ya jingine, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Huko Waterloo, mwaka 2008, wakalimani walikuwepo na fomu zilitafsiriwa. Watu walisikia kwa Kihispania kwamba wanakubali kosa walilolitenda kwa kujua. Wakakubali, kwa sababu mbadala wake ulikuwa miaka miwili. Walichojua na wasichokijua juu ya namba zile tisa hakikupata nafasi ya kusikilizwa.